Kwenu Akina Mama: Ua Kavu na Jina Lake

Juma lililopita tulizungumza habari za kuhifadhi maharagwe yasiliwe na wadudu. Leo tutoke jikoni kidogo, tutazame ukutani na mezani. Nataka kuwaelezeni namna ya kukausha maua, na namna ya kuyatumia kwa kupamba nyumba na kutengeneza zawadi.

Wakati wenyewe ni huu. Huku kwetu Kasulu na Kibondo mvua hukoma mwezi wa Mei, na maua ya mwisho wa masika ndiyo yanayokauka vizuri kupita yote, kwa kuwa hewa inaanza kuwa kavu. Mama atakayengoja hadi Agosti atakuta nyasi na maua ya porini yamekwisha kuunguzwa na moto wa nyika.

Lakini kabla ya kueleza kazi yenyewe, nitawasimulia habari ya mama mmoja, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

HABARI YA MAMA WA NYARUGUSU

Wasomaji wengi wanaijua kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Ilifunguliwa mwaka 1996, wakati watu wa Kivu ya Kusini walipovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Mwaka 2015 wakaja Warundi kwa maelfu. Mwaka huohuo UNHCR na Serikali ya Marekani walianza mpango mkubwa wa kuwahamishia Marekani wale Wakongo waliokaa kambini miaka mingi. Ulikuwa mlango wa heri, lakini nyumba nyingi ziligawanyika: huyu ameitwa, yule bado anangoja.

Mama ninayemtaja alitoka upande wa Fizi. Binti yake wa kwanza aliitwa pamoja na mumewe, mama akabaki. Siku ya safari ilipokaribia, mama hakuwa na kitu cha kumpa mwanawe. Fedha hakuna, na kitenge kizuri alichokuwa nacho ndicho alichokivaa. Mbele ya mlango wake alikuwa amepanda maua madogo ya duara kama vifungo, rangi ya zambarau. Akayachuma, akayakausha, akayabandika juu ya kipande cha boksi, akampa binti. Binti akakitia kile kipande katika mfuko wa karatasi zake za safari, akaenda nacho.

Miaka ikapita. Siku moja binti akapiga simu, akasema, "Mama, mjukuu wako ananiuliza ua hili kwetu linaitwaje, nalo lilichumwa wapi. Nimeshindwa kumjibu." Mama aliyajua yote. Alilijua jina lake kwa Kibembe. Alijua kuwa mbegu alipewa na mama mmoja Muha wa Makere, siku walipobadilishana mihogo na ndizi. Alianza kusimulia, lakini fedha ya simu ikaisha katikati.

Aliponieleza habari hii alisema neno moja tu: "Laiti ningaliandika nyuma." Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na safari ya mama ikasimama palepale. Mjukuu wake hajamwona bibi yake. Anachokijua ni lile ua lililobandikwa ukutani.

Basi leo nitawaeleza mambo mawili: kukausha ua lisioze, na kuandika jina lake lisipotee.

KAZI YA ZAMANI SANA

Pengine mama mmoja atasema, "Huo ni mchezo wa watoto." Sivyo. Kaburi la Farao Tutankhamun lilipofunguliwa huko Misri mwaka 1922, ndani yake yalikutwa mashada ya maua na majani yaliyokuwa yamekaa humo zaidi ya miaka 3,000. Yalidumu kwa sababu mahali palikuwa pakavu na penye giza. Angalieni sana maneno hayo mawili, ukavu na giza, maana nitayarudia.

Tena karibu na kwetu. Kati ya mwaka 1860 na 1863 Kapteni James Grant alisafiri pamoja na Speke kutoka Zanzibar, wakapita Unyamwezi na Karagwe. Njiani Grant alikuwa akichuma mimea na kuikausha katikati ya karatasi. Mimea ile ilipelekwa katika bustani ya Kew huko London, nayo imehifadhiwa. Arusha nako kuna hazina ya taifa ya mimea iliyokaushwa kwa njia hiyohiyo. Mabwana wa elimu ya mimea wana sheria moja wasiyoivunja: kila mmea una karatasi yake yenye jina, mahali ulipochumwa na tarehe. Mmea usio na karatasi hiyo hauwafai sana, hata uwe mzuri namna gani. Sheria hiyo yatufaa na sisi.

MAUA YA KUCHAGUA

Si kila ua hukubali kukaushwa. Ua lenye maji mengi, kama haibiskasi, hujikunja na kuwa jeusi. Chagueni maua yaliyo makavu kwa asili yake. Yale ya duara kama vifungo ni mazuri sana, hayapotezi rangi upesi. Bogenvilia nayo yafaa, kwa kuwa zile sehemu zake nyekundu ni majani membamba kama karatasi, na ua lenyewe ni lile dogo jeupe la katikati. Waridi hukauka vizuri likichumwa kabla halijafunuka sana. Katika nyasi za milimani mna maua madogo ya manjano au meupe ambayo yakiguswa hulia kama karatasi. Hayo yamekauka nusu yangali shambani.

Tena msiyadharau mazao. Masuke ya ulezi, mtama na mpunga yakifungwa pamoja huwa pambo zuri kuliko maua mengi. Yafaa sana kanisani wakati wa mavuno. Wenye miti ya mninga karibu waokote yale matunda yake ya duara yenye ubawa pembeni. Huanguka yenyewe, hayahitaji kukatwa.

Lakini kuna hadhari tatu. Kwanza, msiwatume mabinti porini peke yao kutafuta maua. Tunajua yaliyowapata wanawake waliotoka kambini kuokota kuni, na hakuna ua lenye thamani ya hatari hiyo. Pandeni mlangoni. Kopo kuukuu lenye udongo latosha. Pili, mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, zile za mtipitipi, ni sumu kali. Zinapendeza macho, lakini mtoto akizitafuna aweza kufa. Vilevile matunda ya mnanaha yenye miiba. Msiyatie nyumbani. Tatu, msichume yote. Waachieni nyuki sehemu yao, maana asali ya Kibondo hutoka katika maua hayohayo, na mbegu za mwaka ujao pia.

NJIA TATU ZA KUKAUSHA

Chumeni asubuhi umande ukishakauka, yaani kama saa tatu au saa nne, siku ambayo mvua haikunyesha usiku wake. Chumeni ua ambalo halijafunuka kabisa, kwa sababu litaendelea kufunuka kidogo likikauka. Ondoeni majani ya chini.

Njia ya kwanza ni kuning'iniza. Fungeni maua matano mpaka manane pamoja, yasisongamane. Fungeni kwa ukanda mwembamba wa mpira wa baiskeli, wala si kwa uzi. Mashina hupungua unene yakikauka. Uzi utalegea na maua yataanguka, lakini mpira hujikaza wenyewe. Yaning'inizeni vichwa chini, mahali penye kivuli na hewa. Si jikoni, kwa sababu ya moshi na mvuke. Si juani. Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliyaanika juani kama mihogo, yakakauka kwa siku tatu na yakawa meupe kama majivu. Baada ya majuma mawili au matatu pindeni shina moja. Likivunjika kama kijiti, yako tayari. Likipinda, ngojeni.

Njia ya pili ni kukandamiza, nayo ndiyo ya kutengenezea kadi. Chukueni maua membamba na majani madogo. Yapangeni katikati ya magazeti makuukuu, yasigusane, kisha wekeni ubao na matofali juu yake. Siku nne za kwanza badilisheni magazeti kila siku, maana unyevu wa ua umeingia humo. Mama asiyebadilisha atakuta ukungu. Kisha acheni majuma mawili. Maua yakikauka msiyashike kwa vidole, yatavunjika. Yainueni kwa ncha ya kisu au kwa unyoya wa kuku.

Njia ya tatu ni ya mchanga, kwa waridi na maua manene. Chukueni mchanga laini wa mtoni, uosheni mpaka maji yatoke safi, uanikeni juani siku tatu, kisha uchekecheni. Tieni mchanga kidogo chini ya kopo, lisimamisheni ua, halafu mimineni mchanga polepole pembeni na katikati ya petali mpaka ua lifunikwe lote. Msifunike kopo. Baada ya majuma mawili mwageni mchanga taratibu. Ua litatoka na umbo lake kama siku lilipochumwa.

KADI YA MAUA

Hii ndiyo zawadi ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa haina gharama na ni nyepesi kubeba. Kateni boksi safi, urefu sentimeta 15 na upana sentimeta 10. Chukueni maganda makavu ya mgomba, yale yenye rangi ya kahawia, yapanguseni kwa kitambaa kibichi, kisha yanyosheni kwa pasi yenye moto wa kiasi mkiweka kitambaa juu yake. Yabandikeni juu ya boksi yawe uwanja wa picha.

Gundi mtaitengeneza wenyewe. Kijiko kikubwa kimoja cha unga mweupe wa muhogo, na kikombe kimoja cha maji. Korogeni maji yangali baridi, kisha tieni motoni mkikoroga bila kuacha mpaka gundi iwe nzito na kung'aa. Tengenezeni kidogo, maana huchacha baada ya siku mbili. Pakeni tone moja nyuma ya ua, si zaidi. Bandikeni, wekeni karatasi safi juu yake na kitabu kizito, na acheni usiku kucha.

Sasa igeuzeni kadi. Nyuma yake andikeni kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino hufifia na kuvuja. Andikeni jina la ua kwa lugha yenu wenyewe, iwe Kiha, Kirundi, Kibembe au Kifuliru, na kwa Kiswahili mkilijua. Andikeni lilichumwa wapi: mlangoni pa nani, kijiji gani, kambi gani. Andikeni tarehe. Kisha neno moja juu ya ua hilo, kama vile, "Mbegu tulipewa na jirani." Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa shule, naye mtoto atajifunza jambo.

Kadi ikienda ng'ambo, jihadharini. Marekani msafiri huulizwa kama amechukua mmea au mbegu, naye yampasa aseme kweli. Australia ni wakali zaidi. Kwa hiyo katika kadi ya safari msitie mbegu, masuke, wala mzizi wenye udongo. Tumieni petali na majani makavu tu, na mwambieni msafiri aionyeshe bila kuificha. Kuficha ndiko kunakoleta faini, na zawadi hunyang'anywa.

SHADA NA CHUNGWA LA KARAFUU

Kwa ukutani tengenezeni shada. Pindeni fito nyembamba mbichi ziwe duara, upana kama sahani ya wali, zifungeni kwa kamba ya mgomba na ziacheni zikauke. Kisha fungeni vitita vidogo vya maua na masuke, kitita kimoja kikifunika mashina ya kingine, mpaka mzunguke wote. Shada kama hilo lafaa mlangoni wakati wa Noeli, na lafaa kaburini pia. Watu wengi siku hizi hununua maua ya plastiki kwa mazishi. Sisemi ni vibaya. Lakini shada lililotengenezwa na dada wa marehemu kwa maua ya shamba lake mwenyewe lina habari zake marehemu, na likichakaa hurudi udongoni.

Zawadi nyingine ni chungwa la karafuu. Mnajua kwamba karafuu yenyewe ni ua? Ni chipukizi la ua linalochumwa kabla halijafunuka, likaanikwa. Visiwa vya Unguja na Pemba vilipata utajiri wao tangu karne ya 19 kwa ua kavu hilo. Basi, chukueni chungwa dogo lenye ganda jembamba, litoboeni kwa sindano nene, na katika kila tundu chomekeni karafuu moja, mpaka ganda lijae. Lifungeni utepe, na ning'inizeni penye hewa kavu muda wa mwezi mmoja. Litapungua na kuwa gumu kama jiwe, na kabati la nguo litanukia vizuri. Lakini lifanyeni kiangazi tu. Mwaka mmoja nililifanya mwezi wa Desemba, mvua ikinyesha kila siku. Nikampelekea bibi arusi, naye akaliweka juu ya mashuka yake mapya. Lilioza, mashuka yakaingia madoa, na mpaka leo nikimwona huona haya.

KUTUNZA

Adui wa ua kavu ni watatu: unyevu, mwanga na moto. Masika yakianza, tieni maua katika boksi pamoja na majani makavu ya mwarobaini kwa ajili ya wadudu, na siku ya jua kali fungueni boksi kivulini lipate hewa. Kadi msiitundike penye jua la dirishani. Tena shada lisikae karibu na koroboi wala mshumaa. Ua kavu hushika moto upesi kama nyasi, na nyumba zetu nyingi ni za nyasi. Vumbi likiingia, pepeeni kwa unyoya, msioshe.

Yule mama wa Nyarugusu sasa ametengeneza kadi ya pili. Nilikuwapo alipoibandika. Maua ni yaleyale ya zambarau, kwa kuwa mmea hujipanda wenyewe pale mlangoni kila mwaka. Kijana wa jirani alimwandikia nyuma, na nafasi haikutosha, ikabidi waandike kwa herufi ndogo mpaka pembeni: jina kwa Kibembe, jina la kijiji cha Fizi alikozaliwa, jina la Makere mbegu ilikotoka, na jina la mjukuu. Amekwisha kuifunga katika karatasi, anangoja mtu wa kuibeba.

Akina mama, mvua zinaisha. Nendeni mlangoni kesho asubuhi umande ukikauka, mkachume maua machache. Juma lijalo, tukijaliwa, tutaeleza namna ya kushona mito kwa vipande vya vitenge vilivyobaki. Kwaherini.